Antena ndogo za pachi kwa gigahezi 28: kuchagua ubao, njia ya kulisha na namna ya kupunguza ukubwa

Mhandisi anayebuni antena ya pachi kwa ajili ya masafa ya juu ya simu hukabiliwa na maamuzi matatu: atumie ubao gani, aipelekee antena mawimbi kwa njia ipi, na kama kuna haja ya kupunguza ukubwa wake, aupunguze vipi. Vitabu vingi huyapanga maamuzi haya kana kwamba yana uzito sawa. Kwa maoni yangu hayako sawa hata kidogo. Kwenye gigahezi 28 uamuzi wa ubao hubeba sehemu kubwa ya matokeo, uamuzi wa ulishaji hufuata, na uamuzi wa kupunguza ukubwa mara nyingi hauhitajiki kabisa, kwa sababu masafa yenyewe yamekwisha kuifanya antena kuwa ndogo. Ulinganisho huu unafuata uzito huo.

Antena ya pachi ni kipande bapa cha shaba kilichochongwa juu ya ubao wa kihami, huku upande wa pili wa ubao ukiwa umefunikwa shaba ambayo ndiyo bamba la ethi. Urefu wa kipande hicho ni karibu nusu ya urefu wa wimbi ndani ya ubao, na mnururisho, yaani utoaji wa mawimbi hewani, hutokea kwenye kingo mbili ambako uga wa umeme hutokeza nje kati ya shaba ya juu na ile ya chini. Wazo hili lilitolewa na Georges Deschamps mwaka 1953, lakini lilikaa bila matumizi makubwa hadi miaka ya 1970, ambapo mbao zenye upotevu mdogo zilianza kupatikana na watu kama Robert Munson na John Howell wakatengeneza antena za aina hii zilizofanya kazi kweli. Historia hiyo inaonyesha jambo moja linaloendelea kuwa kweli leo: kilichoichelewesha antena ya pachi ni nyenzo ya kuijengea, kwa kuwa umbo lenyewe lilikwisha kujulikana.

Masafa yapi hasa

Kabla ya kulinganisha mbao, ni lazima kujua antena itafanya kazi kwenye bendi gani. Bendi ya n78, inayoanzia gigahezi 3.3 hadi 3.8, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mitandao ya 5G duniani, na hapa Tanzania mnada wa masafa ulioendeshwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) mwezi Oktoba 2022 ulihusu bendi za megahezi 700, 2300, 2600 na 3500. Masafa ya juu zaidi yamegawanyika. Marekani, Japani na Korea Kusini zilianza na eneo la gigahezi 28, yaani bendi ya n257 kuanzia 26.5 hadi 29.5 na kipande chake cha n261 kuanzia 27.5 hadi 28.35. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2019 uliitenga kwa simu bendi ya 24.25 hadi 27.5, ambayo ndiyo n258, pamoja na bendi nyingine za juu yake, lakini haukuitenga gigahezi 28, eneo ambalo setilaiti hulitumia kupokea mawimbi kutoka ardhini.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki tofauti hii si ya kupuuzwa. Makala nyingi za kitaaluma zinabuni antena ya gigahezi 28 kwa sababu makala zilizozitangulia zilifanya hivyo, na mwanafunzi hunakili namba hiyo bila kujiuliza kama itapewa leseni nchini mwake. Mwenye lengo la kujifunza na kulinganisha kazi yake na za wengine abaki kwenye 28, ambako mifano ni mingi. Mwenye lengo la kifaa kitakachotumika huku kwetu aangalie 26 kwanza. Hesabu zilizo hapa chini ni za 28, na anayeshuka hadi 26 atakuta vipimo vyote vya shaba vinakua kwa takriban asilimia 8, na hoja zote zinabaki kama zilivyo.

Ubao: hapa ndipo kazi ilipo

Nimezichukua mbao tatu ambazo mtu anaweza kuziagiza leo zikiwa na unene uleule wa milimita 0.254. Ya kwanza ni RT/duroid 5880 ya kampuni ya Rogers, iliyotengenezwa kwa plastiki ya PTFE, yenye kigezo cha dielektriki (kinachoonyesha ubao unavyolifupisha wimbi) cha 2.2 na kigezo cha upotevu (kinachoonyesha unavyogeuza nguvu kuwa joto) cha 0.0009. Ya pili ni RO4350B ya kampuni hiyohiyo, yenye kigezo cha usanifu cha 3.66 na upotevu wa 0.0037. Ya tatu ni FR-4, ubao wa nyuzi za kioo na epoksi unaotumika katika vifaa vingi vya kielektroniki, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa na kigezo cha 4.4 na upotevu wa 0.02. Kwa kutumia fomula za kawaida za pachi ya mstatili, na kwa kuhesabu upotevu wa kihami pekee bila ule wa shaba wala wa mawimbi yanayosafiri ndani ya ubao, matokeo ni haya:

| | 5880 | RO4350B | FR-4 |
|---|---|---|---|
| Upana na urefu wa pachi (mm) | 4.23 × 3.47 | 3.51 × 2.71 | 3.26 × 2.47 |
| Upotevu wa kihami kwenye njia ya shaba (desibeli kwa sm) | 0.03 | 0.17 | 1.0 |
| Ufanisi wa mnururisho (asilimia, takriban) | 98 | 90 | 59 |
| Upana wa bendi unaoonekana kwenye kipimo (asilimia) | 2.8 | 2.6 | 3.5 |

Mstari wa kwanza na wa mwisho wa jedwali hili ndio unaowapotosha watu. Pachi ya FR-4 ni ndogo kuliko nyingine, na bendi yake, yaani eneo la masafa ambamo inafanya kazi vizuri, inaonekana kuwa pana kuliko nyingine, kwa hiyo anayetazama vipimo hivyo viwili peke yake atauchagua ubao wa bei nafuu na kuamini kwamba amepata faida mbili kwa mpigo. Ukweli uko katika mstari wa tatu. Karibu asilimia 40 ya nguvu inayoingia kwenye pachi ya FR-4 inaishia kuwa joto ndani ya epoksi, na ni upotevu huohuo unaoipanua bendi. Ubao ambao usingepoteza chochote, ukiwa na kigezo kilekile cha 4.4 na unene uleule, ungekuwa na bendi ya asilimia 2.1 tu. Sehemu iliyoongezeka haikutokana na ubora wowote wa antena.

Hili linastahili kusemwa kwa mkazo kwa sababu makala na tasnifu nyingi hutoa hukumu kwa kutazama mchoro mmoja, ule wa urejeo wa wimbi, na kutangaza kwamba antena ni nzuri kwa kuwa mchoro umeshuka chini ya desibeli −30. Mchoro huo unaeleza ni kiasi gani cha nguvu hakikurudi kwenye chanzo. Hauelezi kilikwenda wapi. Rezista ya omu 50 ikichomekwa mahali pa antena hairudishi karibu chochote, mchoro wake ni mzuri kuliko wa pachi yoyote, na hainururishi kitu. Anayelinganisha miundo miwili ya antena kwa masafa haya bila kuonyesha ufanisi au geini, yaani kiasi ambacho antena huikusanya nguvu upande mmoja, hajalinganisha chochote.

Upotevu wa njia za shaba unaongeza uzito wa hoja hii. Pachi moja inaweza kulishwa kwa njia fupi, lakini safu ya pachi 16 inahitaji mtandao wa njia zinazogawanya nguvu, na wimbi linaweza kusafiri sentimita tatu kabla ya kufika kwenye pachi. Kwenye FR-4 safari hiyo hula desibeli tatu, yaani nusu ya nguvu yote, kabla hata pachi yenyewe haijapoteza sehemu yake. Kwenye RO4350B safari hiyohiyo hula nusu desibeli, na kwenye 5880 hula sehemu ya kumi tu ya desibeli, ukiacha upotevu wa shaba ambao uko kwenye mbao zote.

Kuna jambo la pili dhidi ya FR-4, nalo ni kutotabirika. Kigezo chake hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na hata ndani ya ubao mmoja hutegemea kama njia ya shaba imepita juu ya uzi wa kioo au juu ya epoksi. Kigezo kikikosewa kwa asilimia 5, masafa ya antena husogea kwa karibu asilimia 2.5, na kwenye gigahezi 28 hiyo ni megahezi 700. Mtengenezaji wa 5880 anahakikisha kigezo kisichopotoka zaidi ya 0.02 kutoka 2.20, jambo linaloweka kosa hilo karibu na megahezi 120.

Je, 5880 basi ndiyo jibu kwa kila mtu? La. PTFE ni laini, hujikunja na kutanuka, na matundu yake hayawezi kupakwa shaba ndani mpaka kwanza yatayarishwe kwa plazma au kwa kemikali ya sodiamu, kazi ambayo viwanda vingi vya kawaida vya bodi za saketi haviifanyi. RO4350B hupitia mashine zilezile zinazotengeneza FR-4, huvumilia matundu yaliyopakwa shaba bila matayarisho maalumu, na inaweza kubandikwa na tabaka nyingine. Kwa pachi moja au safu ndogo isiyo na matundu, ningechukua 5880 bila kusita. Kwa kifaa chenye tabaka kadhaa, chenye chipu upande mmoja na pachi upande wa pili, ningechukua RO4350B na kukubali kupoteza asilimia chache. FR-4 ningeiacha kabisa kwa masafa haya, isipokuwa kama tabaka la kubeba njia za umeme wa betri na ishara za polepole chini ya ubao bora. Kwenye gigahezi 3.5 hukumu yangu ingekuwa laini zaidi: huko FR-4 bado inapoteza, lakini safari za shaba hupoteza takriban sehemu ya nane tu ya kiasi cha desibeli kwa kila sentimita, na mwanafunzi anaweza kujifunza mengi juu yake.

Unene wa ubao ni sehemu ya uamuzi huohuo. Bendi ya pachi hupanuka karibu sambamba na unene, hivyo 5880 ya milimita 0.508 huleta takriban asilimia 5.4, yaani gigahezi 1.5, ambayo inaifunika n261 yote kwa nafasi. Lakini ubao unaponenepa, sehemu ya nguvu huanza kusafiri ndani ya ubao wenyewe kuelekea kingo zake badala ya kutoka mbele, na huko huharibu mwelekeo wa mnururisho na kuzifanya pachi jirani ziingiliane. Kanuni ya makadirio inayotumika sana huweka kikomo cha unene pale ambapo mawimbi hayo bado ni madogo: kwa 5880 kwenye gigahezi 28 kikomo hicho ni karibu milimita 0.35, na kwa FR-4 ni karibu 0.24. FR-4 ya kawaida ya milimita 1.6, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, imezidi kikomo chake zaidi ya mara sita. Anayepanda hadi 0.508 anafanya hivyo kwa kujua anachotoa.

Shaba nayo isisahauliwe. Kwenye gigahezi 28 mkondo wa umeme hutembea katika ngozi ya shaba yenye unene wa takriban mikromita 0.4 tu, na shaba yenye mikwaruzo mirefu kuliko hapo humlazimisha mkondo kupanda na kushuka. Ukiagiza ubao, taja shaba laini iliyoviringishwa. Vilevile mwambie mtengenezaji asipake rangi ya kinga juu ya pachi, kwa kuwa tabaka hilo husogeza masafa, na aangalie upakaji wa dhahabu wenye nikeli chini yake, kwa maana nikeli ina upotevu mkubwa kuliko shaba.

Njia za kulisha

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni njia bapa ya shaba inayoingia ndani ya pachi kupitia mianya miwili midogo. Kila kitu kiko kwenye tabaka moja, hakuna tundu la kutoboa, na hesabu yake ni fupi: kwenye ukingo wa pachi yetu ya 5880 ukinzani ni karibu omu 244, na ukiingia ndani kwa kiasi cha theluthi moja ya urefu, yaani milimita 1.2, hushuka hadi omu 50. Ugumu ni kwamba njia ya omu 50 kwenye ubao huo ina upana wa karibu milimita 0.78, ambao ni zaidi kidogo ya sehemu moja kwa sita ya upana wote wa pachi. Ukiongeza mianya pembeni, umeshakata sehemu kubwa ya ukingo unaonururisha, na njia yenyewe nayo hunururisha kidogo isikotakiwa. Kwa hiyo vipimo vya fomula ni mahali pa kuanzia tu, na programu ya uigaji ndiyo itakayomaliza kazi.

Kulisha kwa pini inayotoka chini ya ubao hupendwa sana kwenye masafa ya chini, kwa kuwa pini inaweza kuwekwa popote ukinzani unapofaa. Kwenye 28 njia hii hugongana na ukubwa. Pini ya kiunganishi cha kawaida cha SMA ina kipenyo cha milimita 1.27, na kuiweka chini ya pachi yenye urefu wa 3.47 ni kuibadilisha antena iwe kitu kingine. Pini inayofaa hapa ni tundu jembamba lililopakwa shaba, linaloshuka moja kwa moja hadi kwenye chipu iliyo upande wa nyuma, na njia hiyo ndiyo inayofaa safu za kuelekeza mwali, yaani wimbi lililokusanywa upande mmoja. Kwa mfano mmoja wa majaribio unaounganishwa kwa kebo, siishauri.

Njia mbili zilizobaki hazigusi pachi kabisa. Katika ulishaji wa ukaribu, njia ya shaba hupita katikati ya tabaka mbili za ubao chini ya pachi na kuipelekea wimbi bila kugusana; Pozar na Kaufman walionyesha mwaka 1987 kwamba inaweza kufikisha bendi ya asilimia 13. Katika ulishaji wa kupitia mwanya, ambao David Pozar aliuanzisha mwaka 1985, bamba la ethi liko katikati, pachi iko juu yake, njia ya shaba iko chini yake, na mawimbi hupita kwenye mwanya mdogo uliokatwa katika bamba hilo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kila upande hupata ubao unaoufaa: pachi inakaa juu ya ubao wenye kigezo kidogo, njia inakaa juu ya ubao mwembamba, na mnururisho wa njia hauchanganyiki na wa antena. Gharama yake ni kulinganisha tabaka mbili kwa usahihi wa sehemu ndogo za milimita, pamoja na mnururisho kidogo unaotoroka nyuma kupitia mwanya.

Kati ya hizi nne, chaguo linategemea bendi inayotakiwa. Chaneli moja ya 5G katika masafa haya, kwa toleo la kwanza la viwango vyake, haizidi megahezi 400, ambayo ni asilimia 1.4 tu, na pachi ya kawaida iliyolishwa kwa njia bapa inaibeba. Anayetaka n261 nzima ataongeza unene. Anayetaka n257 nzima anahitaji karibu asilimia 11, na n258 inahitaji karibu asilimia 13. Huko pachi moja ya kawaida haifiki, na ulishaji wa kupitia mwanya au wa ukaribu, pengine na pachi ya pili juu ya ile ya kwanza, unakuwa wa lazima.

Kupunguza ukubwa: nani anauhitaji?

Njia za kupunguza ukubwa ni tatu. Ubao wenye kigezo kikubwa hufupisha wimbi, kama jedwali lilivyoonyesha, na kwa malipo hupunguza bendi na kuongeza mawimbi yanayonaswa ndani ya ubao. Kuunganisha ukingo mmoja wa pachi na bamba la ethi hukata urefu hadi robo ya wimbi, na antena nyingi za ndani ya simu za zamani kidogo zilijengwa juu ya wazo hilo. Kukata mianya kwenye shaba hulazimisha mkondo kuzunguka, njia yake ikarefuka, na masafa yakashuka bila pachi kukua. Nyuma ya zote tatu kuna kikomo alichokieleza mhandisi L. J. Chu mwaka 1948: antena ndogo ikilinganishwa na urefu wa wimbi haiwezi kuwa na bendi pana na ufanisi mkubwa kwa wakati mmoja, haidhuru imebuniwa kwa ustadi gani.

Mianya inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu umbo moja hufanya kazi mbili tofauti. Mwanya wenye umbo la U, uliotolewa na Huynh na Lee mwaka 1995, ulikusudiwa kupanua bendi kwa kuipa pachi masafa ya pili yaliyo karibu na ya kwanza, na ulifanya hivyo juu ya tabaka nene lenye kigezo kinachokaribia cha hewa. Ukiukata mwanya huohuo kwenye ubao mwembamba, usitarajie matokeo yaleyale. Kabla ya kuiga umbo lolote la mwanya, tazama kwanza unene wa ubao wa aliyelibuni.

Kwenye gigahezi 3.5, ambako pachi ya 5880 ina urefu wa karibu sentimita tatu, njia hizi zina maana kubwa, kwa kuwa simu haina nafasi ya vipande vinne vya namna hiyo. Kwenye 28 pachi nzima ni ndogo kuliko punje ya harage, na kuipunguza tena ni kutoa ufanisi ili kuokoa nafasi ambayo haitatumika, kwa maana katika safu pachi hukaa umbali wa karibu nusu ya urefu wa wimbi, yaani milimita 5.35, hata zikiwa ndogo kiasi gani. Nafasi ya kweli ya kupunguza ukubwa kwenye masafa haya ni moja: ukingo mwembamba wa simu, ambako unene wa kifaa ndio unaobana upana wa antena, au pale ambapo bendi mbili, kwa mfano 28 na 39, zinapaswa kutumia eneo lilelile.

Pachi moja au safu

Wimbi la 28 likilinganishwa na la 3.5 kwa antena zenye geini sawa hufika likiwa limepungua kwa desibeli 18 zaidi, na ukuta, majani au kiganja cha mkono hulipunguza tena. Pachi moja yenye geini ya karibu desibeli 7 haiwezi kulipia pengo hilo. Pachi nne huongeza desibeli 6, kumi na sita huongeza 12, sitini na nne huongeza 18, endapo mtandao wa kulisha haupotezi kitu. Safu ya nane kwa nane kwenye 28 inaingia katika mraba wenye upande wa milimita 43. Safu hiyohiyo kwenye 3.5 ingehitaji mraba wenye upande wa milimita 343. Huku ndiko udogo wa pachi unakoleta faida yake halisi.

Safu iliyolishwa kwa njia zisizobadilika inafaa kiungo cha mahali pamoja, kama nyumba inayotazama mnara, kwa kuwa mwali wake ni mwembamba na hauhami. Kwa simu inayotembea na mwenyewe, kila pachi au kila kundi la pachi linahitaji kurekebishwa fezi yake (wimbi liwahishwe au licheleweshwe kidogo) na chipu, ili mwali ufuate mnara. Moduli ya QTM052 ambayo Qualcomm iliitangaza Julai 2018 ilifuata njia hiyo, na simu iliweza kubeba hadi moduli nne za namna hiyo kwenye kingo tofauti ili mkono ukifunika moja nyingine ibaki wazi. Mwanafunzi asiye na chipu hizo aanze na safu ya pachi nne isiyobadilika juu ya 5880. Itamfundisha mtandao wa kugawa nguvu na mwingiliano wa pachi, mambo ambayo pachi moja haiwezi kumfundisha.

Kutengeneza na kupima

Urefu ukikosewa kwa milimita 0.1 kwenye pachi yetu ya 5880, masafa husogea kwa takriban megahezi 750, na bendi yote ya antena hiyo ina upana wa karibu megahezi 770. Yaani kosa la unene wa karatasi linatosha kuitoa antena nje ya bendi yake. Kosa hilohilo kwenye gigahezi 3.5 husogeza masafa kwa megahezi 12 tu. Kuchonga ubao kwa dawa kwenye karai, njia inayotumika katika maabara nyingi za vyuo, kunafaa 3.5 na hakufai 28. Kwa 28 tafuta kiwanda kinachohakikisha mkengeuko usiozidi milimita 0.025, ambao bado ni takriban megahezi 190, kisha ibuni antena yenye bendi ya kutosha kuumeza.

Kwa uigaji, programu za HFSS na CST ndizo zinazotajwa mara nyingi, na leseni zake kamili ni ghali. Toleo la wanafunzi la HFSS lina kikomo cha ukubwa wa tatizo, lakini pachi moja huingia. openEMS ni ya bure na haina kikomo hicho, ila inataka mtu aandike muundo wake kwa msimbo. Kwa pachi na safu ndogo naipendekeza openEMS bila wasiwasi, mradi mtumiaji agawe ubao mwembamba katika seli za kutosha kwa kimo na asitosheke na moja au mbili.

Kupima ndiko kunakowakwamisha wengi. Viunganishi vya SMA vya kawaida hukadiriwa hadi gigahezi 18, kwa hiyo 28 inahitaji viunganishi vya milimita 2.92 ambavyo hufika 40, pamoja na kebo zake na kichanganuzi cha mtandao, kifaa kinachopima mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena, cha kiwango hicho. Palipo na kichanganuzi kinachofika gigahezi 6 tu, kuna njia ya kati iliyo halali: jenga mfano uliokuzwa mara nane, ufanye kazi kwenye 3.5, kila kipimo kikizidishwa kwa nane pamoja na unene wa ubao, ambao utakuwa karibu milimita 2. Mfano huo utakuonyesha kwa uaminifu kama kina cha mianya ya kulisha ni sahihi, mwelekeo wa mnururisho ukoje, na pachi jirani zinaingiliana kiasi gani. Hautakuonyesha upotevu wa shaba, ambao haukui kwa uwiano huo, wala hautakuonyesha madhara ya makosa ya kuchonga, kwa kuwa milimita 0.1 ya kiwandani kwenye mfano huo ina uzito wa sehemu ya nane tu ya ule itakaokuwa nao kwenye antena yenyewe.